Kabla Hujawasha

Evaristo, ndugu yangu, weka kikombe chini.
Najua umeendesha trekta tangu meno ya utoto,
najua kondoo mia nne umewavusha uwanda wote huu
hadi joshoni, bila kupoteza hata mmoja.
Kondoo hawafungwi mikanda.
Leo unambeba wangu.

Gari hili ni kuukuu, lina kiburi na tabia zake.
Klachi hushika juu kabisa, goti likishakata tamaa;
gia ya pili usiisukume, ibembeleze
kama umtoaye paka kitandani.
Breki ya mkono ivute mpaka meno manne yalie.
Matatu hayatoshi. Nimeliona kwa macho yangu
likiteremka peke yake kuelekea zizini,
taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Swichi za vioo ziko mlangoni kwako.
Ile ya mwisho, iliyofutika mchoro, ibonyeze kwanza:
inafunga kioo cha upande wake.
Suyai ana miaka mitatu na vidole vya kuuliza maswali.
Kioo hakijibu. Kioo hupanda tu.

Sasa njoo huku.
Unaona, hakuna kiti cha nyuma,
mtoto anakaa pale ambapo ningekaa mimi.
Ndiyo sababu ya tundu hili dogo kando ya redio:
ingiza ufunguo, geuza, ngoja taa ya njano.
Taa hiyo inasema mfuko wa hewa umezimwa.
Ilinichukua muda kuelewa
kwamba kilichoundwa kuniokoa mimi
kingeweza kumvunja yeye shingo;
kwamba katika gari zima, taa niipendayo
ni ile inayotangaza kuwa kitu hakifanyi kazi.

Kiti chake: pitisha mkanda hapa, na hapa,
kandamiza kwa goti, vuta, kisha kitikise.
Kikicheza, anza upya. Hata kama umechelewa.
Koti mvue kwanza. Ndiyo, atalia.
Koti nene huudanganya mkanda.
Mfunge, halafu umfunike nalo.

Nehuén hapandi. Basi la shule linamjia saa moja na nusu.
Atakuomba akae nyuma, kwenye bodi, juu ya marobota ya nyasi.
Atakwambia: mpaka getini tu, mjomba.

Mpaka getini tu.
Baba naye alisema hivyo,
na siku ile nyuma tulikuwa watatu.
Sikukumbushi. Wewe ndiye uliyeiokota kofia ya Aurelio.

Na upepo, usiusahau upepo.
Ukiegesha, pua ya gari iutazame usoni.
Mlango ufungue kwa mikono miwili;
wa Doña Hermelinda uling'olewa mzima Agosti iliyopita,
ukaokotwa kwenye vichaka vya miiba
kioo kikiwa kizima, ajabu.

Haya. Nimemaliza.
Mwambie daktari sikio ni la kushoto.

Nasimama mlangoni na taulo la vyombo.
Gia ya kwanza. Ya pili,
umeibembeleza.
Vumbi linawafuata kama mbwa.
Getini unasimama, unashuka kufungua,
na mimi huku nahesabu meno kwa ulimi,
moja, mbili, tatu,
la nne limebebwa na upepo.
Gari halisogei.
Unarudi, na kabla hujashika usukani
nauona mkono wako ukienda upande wake,
ukipima mkanda.

Mnageuka kwenye barabara ya kokoto, sasa nawaona kwa ubavu:
kichwa chako, kichwa chake kidogo,
na kiganja chako kikibonyeza katikati ya usukani
kuniaga.

Honi.
Nilijua kuna kitu nimesahau kukwambia.